Utepe wa Maegesho Makuu ya Baiskeli

Iko nchi moja, mbali kiasi cha kumfanya msomaji wa hapa asinune, ambayo serikali yake iliamka asubuhi moja ikiwapenda waendesha baiskeli. Mapenzi hayo yalikuja ghafla, kama mapenzi ya kweli yanavyokuja. Miaka miwili tu kabla yake, serikali hiyohiyo ilikuwa imezoa baiskeli zote zilizoegemezwa kwenye kuta za jiji, kwa kosa la kuharibu mandhari, ikazirundika nyuma ya ghala la taifa, na mvua ikamalizia kazi. Lakini Mheshimiwa Waziri alikwenda ng'ambo, ziara ya mafunzo ya siku arobaini, na siku ya thelathini na nane, akitafuta duka la kununulia begi la pili, alipita mbele ya jengo lenye baiskeli elfu moja zimepangwa safu kwa safu. Akauliza ni nini kile. Akaambiwa ni maegesho.

Mheshimiwa alikuwa mwepesi wa kuunganisha mambo. Penye shamba huota mahindi. Basi penye maegesho huota baiskeli. Aliporudi alilihutubia taifa kwamba wananchi hawaendeshi baiskeli kwa kuwa hawana pa kuziegesha, na kwamba yale mashimo ya barabarani, na yale malori, na kule kukosekana kwa njia, ni visingizio vya wavivu. Yakajengwa Maegesho Makuu ya Baiskeli ya Taifa: nafasi mia nne, paa la bati la buluu, uzio wa chuma mrefu kuliko wa gereza, na lango moja. Lango lilikuwa moja kwa sababu bajeti ilikuwa na utepe mmoja.

Hapo ndipo mtu mmoja, mkunga aliyeitwa Zawena, alipoletewa barua.

*

Zawena alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye miguu ya mtu anayepanda vilima kila siku. Baiskeli yake ilinusurika msako ule kwa sababu hakuwahi kuiegemeza popote kwa muda wa kutosha kuonwa. Alikuwa akienda nayo kwenye vichochoro vya Kilimani ambako gari halifiki, mkoba wa uzazi umefungwa kwenye kerieri kwa mpira, na akina mama waliijua kengele yake kama waumini wanavyojua adhana. Nusu ya Kilimani ilizaliwa mikononi mwake.

Wiki ile alikuwa na jambo moja tu kichwani. Binti yake wa pekee, Salha, alikuwa amefikisha miezi yake. Ilikuwa mimba ya kwanza, na Salha alikuwa mwoga tangu utotoni. Alimshika mama yake mkono akasema hataki mkunga mwingine, hata awe amesomea wapi. Zawena akamjibu kwa neno moja, "Nitakuwepo." Na Zawena hakuwa mtu wa kutoa neno akalirudisha.

Barua ilimwomba alete baiskeli yake Jumanne saa mbili asubuhi kwa mazoezi ya uzinduzi, kwa muda wa saa moja tu. Wizara ilikuwa imetafuta baiskeli mia nne jiji zima ikapata nane. Zawena akapiga hesabu: saa moja, kisha apande Kilimani akamwone mwanawe. Akaja.

Waliokuwa wameitika walikuwa wanane basi. Aliye karibu naye alikuwa Shekue, mnoa visu, ambaye jiwe lake la kunolea lilifungwa kwenye baiskeli yenyewe, akipiga pedeli jiwe linazunguka. Aliyewapanga alikuwa Bwana Mpangala, Kaimu Mkurugenzi wa Uegeshaji, mtu mnene wa suti ya kijivu aliyekuwa kaimu kwa miaka kumi na mmoja na aliyejifunza katika miaka hiyo kutofanya chochote ambacho mkurugenzi kamili angeweza kukihoji. Aliwapanga wanane hao katika nafasi mia nne kwa umbali mkubwa, ili pajae. Akawafundisha kupiga makofi: mgeni rasmi akikata utepe tu, makofi, si kabla, si baada. Walirudia mara ishirini na saba, Mpangala akikata hewa kwa vidole viwili.

Saa tatu kasoro kilisikika king'ora. Mpangala akapauka. Mheshimiwa amewahi! Akamwamuru Afande Tunu, askari wa lango, afunge utepe haraka, naye akaufunga mwekundu, mpana kama kiganja, kwa fundo rasmi la taifa. King'ora kikapita. Lilikuwa gari la maji, limefungiwa king'ora ili lipishwe.

Utepe ulikuwa umeshafungwa.

*

Ni lazima ielezwe hapa kwamba katika nchi ile hakuna kitu kinachotumika kabla mgeni rasmi hajakikatia utepe. Kuna daraja kule kusini ambalo watu huogelea kando yake kwa mwaka wa sita sasa. Kuna kisima ambacho wanakijiji huenda kukitazama wakiwa na kiu, kisha wakaenda mtoni. Sheria ya Heshima ya Utepe ni fupi, na kila mtoto wa shule huikariri: atakayepita mahali pa utepe kabla ya mgeni rasmi ameiba cheo chake, kifungo miaka saba; na atakayekata utepe na wananchi wakampigia makofi, huyo ndiye mgeni rasmi. Kifungu cha pili kiliwekwa miaka ya nyuma, Mheshimiwa mmoja alipokamatwa langoni na mlinzi asiyemfahamu.

"Kwa hiyo tuko ndani," alisema Shekue, akitazama utepe, kisha uzio, kisha utepe tena.

Mpangala naye alikuwa ndani. Aliwatoa wasiwasi kwa sauti ya kikao. Alisema Mheshimiwa yuko njiani.

Alikuwa njiani Jumanne yote. Jumatano iliarifiwa kwamba yuko njiani kwa njia nyingine. Alhamisi alikuwa njiani kimsingi. Chakula kiliruhusiwa kupita chini ya utepe, maana sheria ilisema "atakayepita," na wanasheria wa wizara walikubaliana kwamba ugali si mtu. Choo kilikuwepo, nacho kilikuwa na utepe wake mdogo wa manjano, lakini katika hilo serikali ililegeza msimamo baada ya saa tano.

Ijumaa wizara ilitoa taarifa. Ilisema kwamba mwitikio wa wananchi katika matumizi ya baiskeli umevuka matarajio, kwani baiskeli nane zimeegeshwa mfululizo kwa siku nne pasipo hata moja kuondolewa, jambo ambalo hata nchi zilizoendelea hazijalifikia, kwa kuwa kule watu huegesha na kuondoka. Mpangala aliwasomea taarifa hiyo wanane wale. Wakapiga makofi, mikono ilikuwa imeshazoea.

Zawena peke yake hakupiga. Alikuwa amekaa kwenye kerieri ya baiskeli yake akitazama Kilimani. Kutoka pale kilionekana chote, paa juu ya paa, na juu kabisa lile bati lenye kutu la nyumba ya Salha. Dakika thelathini na tano kwa baiskeli. Alikuwa amezihesabu mara nyingi kiasi kwamba zilianza kumuuma kama jino.

*

Jumamosi aliomba ruhusa. Hakuomba kwa ukali. Alimwendea Mpangala kwa heshima, akamweleza kuhusu mwanawe, kuhusu mimba ya kwanza na neno alilompa. Mpangala alimsikiliza mpaka mwisho, na inafaa isemwe kwamba macho yake yalilowa, kwani naye alikuwa na binti. Kisha akatoa leso, akajifuta, akaeleza.

"Mama, ruhusa ya kutoka hutolewa kwa mtu aliye ndani. Na mahali hapa hapajafunguliwa. Mahali ambapo hapajafunguliwa hakuna mtu. Kwa hiyo kisheria wewe hapa hupo."

"Kama sipo, basi na niende."

"Ungekuwepo ningekuruhusu," alisema Mpangala kwa huzuni ya kweli.

Zawena akageuka akamtazama Afande Tunu, aliyesimama nje ya utepe ameshika bunduki kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. Tunu alikuwa mzaliwa wa Kilimani. Akainamisha uso.

"Mama, usinitazame hivyo," alisema kwa sauti ndogo. "Najua ni wewe uliyenipokea. Mama yangu hunikumbusha kila nikimjibu vibaya. Lakini fundo nimelifunga mimi, na jina langu limeandikwa."

Shekue alikuwa na kazi pale ndani, na ndiyo iliyomlinda asichanganyikiwe. Mkasi wa uzinduzi, wa rangi ya dhahabu, ulilala kwenye mto wa mahameli mezani karibu na lango, na itifaki ilidai uwe mkali Mheshimiwa atakapofika. Na kwa kuwa Mheshimiwa angeweza kufika wakati wowote, ulinolewa kila asubuhi. Shekue alipiga pedeli, jiwe likazunguka, cheche zikaruka, na baiskeli isiende popote. Alisema ndiyo baiskeli pekee katika mpango mzima wa taifa inayotumika.

"Dada, huu mkasi sasa unakata unywele ukiwa hewani," alimwambia Zawena siku ya saba. "Nikiunoa tena utaanza kukata mawazo. Na hapo ndipo tutakapokamatwa sote."

Zawena alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Kisha akaacha.

*

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Machano, mume wa Salha, alikuja mbio mpaka kwenye uzio. Hakumwamkia mama mkwe wake, na Zawena alipoona kijana mwenye adabu kama yule amesahau kumwamkia mkwe, alijua kabla hajasema.

Uchungu ulikuwa umeanza alfajiri. Salha alikuwa amefunga mlango. Majirani wawili waliojua kuzalisha walisimama nje, naye alikataa kufungua. Alisema mama ameahidi, na kwamba anayesema kweli hufika.

"Amenituma nikuulize jambo moja tu, mama," alisema Machano, akishika vyuma vya uzio kwa mikono miwili. "Anauliza, uko njiani?"

Wote waliokuwa ndani wakageuza vichwa. Neno lile walikuwa wamelisikia kwa siku tisa, na sasa limetoka kinywani mwa mtu aliyelimaanisha.

 Zawena aliinuka kwenye kerieri, akatembea mpaka mezani, taratibu, kama anayekwenda kuchota maji. Akauchukua mkasi kutoka kwenye mahameli. Mpangala alifungua mdomo, na kwa kuwa hakuwa na waraka wowote kuhusu hali hiyo, akaubakiza wazi. Afande Tunu alitazama angani kama anayekagua dalili za mvua.

Mkasi wa Shekue haukutoa hata sauti. Utepe ulianguka pande mbili kama mtu aliyechoka siku nyingi akisubiri kuruhusiwa kuketi.

Na wale saba wengine wakapiga makofi.

Hawakukusudia. Walikuwa wamefanyishwa mazoezi mara ishirini na saba siku ya kwanza na mara nne kila siku iliyofuata. Utepe ukikatwa, mikono huondoka yenyewe. Mpangala mwenyewe alikuwa anapiga kwa nguvu kuliko wote, huku uso wake ukionyesha hofu ya mtu anayetazama mikono yake ikimponza. Makofi yalipokwisha, kila mmoja alikuwa akisoma kifungu cha pili kimoyomoyo.

Mpangala akafunga kifungo cha koti. Akainama.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi," alimwambia Zawena, "karibu jukwaani."

*

Ikiwa msomaji anadhani mgeni rasmi ni mtu huru, basi hajawahi kuwa mgeni rasmi. Zawena alishika usukani wa baiskeli yake akakuta Mpangala ameushika upande wa pili, kwa unyenyekevu mkubwa, ratiba mkononi. Kulikuwa na wimbo wa taifa, beti zote. Kulikuwa na risala ya watumiaji, taarifa ya mradi yenye kurasa sitini na mbili, ngonjera, kukagua nafasi moja baada ya nyingine mpaka mia nne, kupanda mti, kusaini kitabu cha wageni, hotuba ya mgeni rasmi isiyopungua dakika tisini, neno la shukrani, neno la kushukuru neno la shukrani, na picha ya pamoja kwa kufuata vyeo.

"Mwanangu anajifungua," alisema Zawena.

"Hongera sana, Mheshimiwa. Tutaliingiza kwenye salamu za utangulizi."

Dakika chache kabla, alikuwa amefungwa na kipande cha kitambaa. Sasa alifungwa na kiti chenye mgongo mrefu, glasi ya maji yenye kifuniko, na ua la plastiki ambalo mtu alikuwa ameshamchomeka kifuani. Wimbo wa taifa ulianza. Machano alikuwa bado ameshika uzio, akimtazama tu. Zawena akakumbuka sherehe zote alizowahi kuhudhuria: uzinduzi wa zahanati isiyo na dawa, uzinduzi wa pampu, wiki ya hiki na siku ya kile. Akakumbuka alivyokaa juani, na kila mara, kila mara bila kukosa, kabla hata risala haijafika nusu, yule mgeni rasmi alifanya nini.

Akasimama.

"Ndugu wananchi," alisema, "nina majukumu mengine ya kitaifa."

Ilikuwa kama amesema neno la siri la pangoni. Wote walisimama. Mpangala alikunja ratiba papo hapo bila kuuliza swali, kwa utulivu wa mtu aliyerudi kwenye dunia anayoielewa. Afande Tunu alipiga saluti na kukimbia mbele kuzuia malori. Watu wakatenga njia, na Zawena akapita katikati yao juu ya baiskeli yake, Machano amepakia nyuma, mkasi wa dhahabu umechomekwa kwenye kanga kiunoni kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya. Akina mama wa Kilimani wakasikia kengele. Alitumia dakika ishirini na sita.

Salha alifungua mlango.

Mkoba wa uzazi ulikuwa umepitisha siku tisa vumbini, hivyo Zawena akachemsha mkasi wa taifa kwenye sufuria ya chai mpaka rangi ya dhahabu ikaanza kubanduka. Mchana ule alikata kitovu cha mjukuu wake wa kike kwa pigo moja, safi, na hakuna aliyepiga makofi. Mtoto alilia, ndiyo hotuba pekee iliyotolewa, na ilikuwa fupi na ya kueleweka.

*

Kesho yake asubuhi Afande Tunu alipanda Kilimani kwa miguu, akitweta. Alibisha hodi, akatazama mtoto, akatabasamu, kisha akakumbuka kazi yake akakaza uso.

"Mheshimiwa, unasubiriwa."

Ikajulikana kwamba mara tu Zawena alipoondoka, Bwana Mpangala aligundua kwamba sherehe imefunguliwa lakini haijafungwa, na mwenye mamlaka ya kufunga ni mgeni rasmi. Ili isije ikamwagika, aliunga vile vipande viwili vya utepe, akaufunga tena langoni. Watu saba walikuwa ndani bado, na yeye wa nane.

"Nao wameambiwaje?" aliuliza Zawena.

Tunu akakwaruza sakafu kwa kiatu. "Kwamba Mheshimiwa yuko njiani."

 Zawena alimweka mtoto kifuani kwa Salha, akaosha uso, akaitoa baiskeli. Alishuka Kilimani taratibu, Tunu amekaa kwenye kerieri na bunduki yake mapajani. Hivyo ndivyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile, mgeni rasmi alivyofika siku ileile aliyosubiriwa.

Walikuwa wamepangwa mstari, mikono tayari. Mpangala alikuwa ameshika ule mto wa mahameli, mtupu.

"Mkasi, Mheshimiwa?" alinong'ona kutoka upande wa pili wa utepe.

"Umehamishwa kikazi," alisema Zawena. "Uko idara ya uzazi sasa."

Mpangala alitazama mto, akatazama utepe, jasho likamtoka. Bila mkasi hakuna kukata, bila kukata hakuna kufunga. Alianza kusema juu ya kuagiza mwingine, juu ya zabuni na kamati. Zawena hakungoja amalize. Alishika utepe kwa vidole viwili, kama mtu anavyonyanyua shuka kwenye kamba ya kuanikia, akainama, akapita chini yake na kuingia. Kisha akageuka, akaunyanyua juu kadiri mkono wake ulivyofika, akausimamisha hapo.

"Mgeni rasmi ameshapita," alisema. "Atakayefuata si wa kwanza. Nendeni makwenu."

Hakuna aliyetikisika. Utepe ulining'inia juu ya upenyo ule, mwekundu, mwepesi, na upepo ukiuchezesha. Kisha Shekue akasukuma baiskeli yake, akainamisha kichwa zaidi ya ilivyohitajika, akapita. Alipofika nje alisimama, akajipapasa mabega, akacheka peke yake. Wa pili akafuata, na wa tatu, na kengele zikasikika zikipotelea mitaani kila moja upande wake.

Akabaki Bwana Mpangala. Aliusogelea upenyo mpaka ncha ya kiatu chake ikafika mahali ambapo kivuli cha utepe kilianguka. Zawena aliuacha mkono wake juu.

"Pita, baba," alimwambia kwa upole. "Nimekushikia."

Mpangala alitazama barabara iliyokuwa mbele yake, hatua mbili tu. Macho yake yalilowa kama siku ile.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza niulize."